Dawa ya Shosho Haijafichwa, Imeachwa

Wasee, leo sina mzaha. Juzi niliwaambia kuhusu shosho yangu, na wengi mkanijibu kitu kimoja: "Dawa salama iko, makampuni yameificha." Nimesoma zote. Hasira yenu naielewa, lakini mmeipeleka kwa mlango ambao si wake.

Kwa wale hawakuwa: shosho ana miaka 71 na magoti yamemchapa. Kwa miezi mingi alikuwa anatuma mtoto kemisti amletee diklofenaki. Siku mbaya anaongezea ibuprofeni juu yake, na chai ya rangi pekee tumboni. Hakuna mtu alimuuliza chochote, hata mimi. Asubuhi moja akatapika kitu cheusi kama mashapo ya kahawa. Ilikuwa damu. Akalazwa, akaongezwa damu, na tukaambiwa ana kidonda tumboni kilicholetwa na dawa ya magoti.

Mbona dawa ya goti iumize tumbo? Mwaka wa 1971, Mwingereza John Vane alionyesha kwamba aspirini na ndugu zake huzuia mwili kutengeneza prostaglandini. Hizo ndizo huchangia uchungu na uvimbe. Noma ni kwamba hizo hizo ndizo hulinda tumbo: hufanya ute utoke na damu ipite vizuri kwa ukuta wake. Ukimeza kidonge, unazima zote. Ni kama landilodi kuzima meni swichi ya ploti nzima juu ya mpangaji mmoja.

Watu wamejaribu kurekebisha hii kitu. Vioxx ya kampuni ya Merck ilitengenezwa izime upande wa uvimbe pekee na iache tumbo. Septemba 2004 ikaondolewa sokoni, kwa sababu ilionekana inaongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Tumbo lilipata afueni, moyo ukalipa.

Njia nyingine ndiyo imeninyima usingizi. Kuna gesi inaitwa nitriki oksaidi, ambayo mwili wako unaitengeneza sasa hivi ukisoma hapa. Inapanua mishipa ya damu, na wanasayansi watatu wa Marekani, Furchgott, Ignarro na Murad, walipata Nobel mwaka wa 1998 kwa kugundua kazi yake. Kwa tumbo, inafanya kazi inayofanana na ile ya prostaglandini: ute na damu. Sasa fikiria: kama kidonge kinamnyang'anya tumbo mlinzi mmoja, si kije na mwingine?

Kampuni ya Ufaransa, NicOx, ilifanya hivyo. Ilichukua naprokseni, dawa ya kitambo ya uchungu, ikaifunga na kipande kinachoachilia hiyo gesi. Ikaitwa naproksinodi. Ikifika mwilini inavunjika: naprokseni inatuliza uchungu, gesi inalinda.

Sasa hapa ndipo watu wa "imefichwa" mnaniudhi. Dawa haikufichwa. Ilijaribiwa wazi. Uchungu wa magoti ilipunguza. Presha haikuipandisha vile naprokseni ya kawaida hufanya. Lakini kwa utafiti mmoja wa wiki sita, waliopata vidonda walikuwa karibu asilimia 10, na kwa naprokseni ya kawaida karibu asilimia 14. Iko tofauti, lakini ni ndogo, inaweza hata kuwa bahati tu. Mei 2010, jopo la washauri wa FDA, wasimamizi wa dawa wa Marekani, lilipiga kura 16 kwa 1 kuikataa. Miezi miwili baadaye FDA yenyewe ikasema leteni utafiti mrefu wa moyo na tumbo.

Na mimi nasema FDA walikuwa sawa. Ndio, nimesema. Baada ya Vioxx, nani anataka shosho awe panya wa majaribio kwa sababu wazo linasikika poa?

Kosa lilikuja baadaye. Utafiti wa aina hiyo unataka maelfu ya watu, miaka, na pesa ya kutisha. Naprokseni ya kawaida ni bei ya mtumba. Inaonekana kampuni ilipiga hesabu, ikaona haitarudisha hela. Mwaka wa 2011 hata ombi la Ulaya likaondolewa. Hakuna mtu alithibitisha hiyo dawa haifai kwa tumbo. Swali liliachwa katikati, na kwa maoni yangu ni kwa sababu jibu halikuwa na faida.

Msiniambie hakuna njia nyingine. DNDi, shirika lisilo la faida, lilianzishwa mwaka wa 2003, na KEMRI yetu ni mmoja wa waanzilishi. Walichukua feksinidazoli, dawa iliyokuwa imeachwa, wakaimalizia utafiti, na leo malale inatibiwa kwa vidonge. Ugonjwa wa maskini, pesa ya umma na wafadhili, dawa halisi. Sasa mbona magoti ya mashosho yasipate hiyo hesabu? Watu wanaoumwa na viungo ni wengi kuliko wa malale, na wanameza hizi dawa kila siku.

Kwa hivyo ukitaka kukasirika, kasirika hapo. Acha kutafuta siri, uliza bajeti. Uliza mbunge wako utafiti wa dawa unapata ngapi.

Na leo jioni pigia shosho wako simu. Muulize anameza nini, anachanganya na nini, na kama amekula. Kama ni kila siku, mpeleke kwa daktari, kuna dawa za kukinga tumbo wanazoweza kumpa pamoja nazo. Mimi sikuuliza. Nilijua jibu wodini.