Barua Njema, Mashini ya Halali



Makarani wengi wa mjini Bunia wamezoea kuandika kwa Word ya kampuni ya Microsoft. Lakini pengine mwanafunzi au karani wa parokia hupewa kompyuta kuukuu yenye Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Word ya kawaida haikutengenezwa kwa mfumo huo. Basi, afanyeje?

Wako watakaomshauri aifute Linux na kuweka Windows na Word zilizonakiliwa bila ruhusa. Shauri hilo twalikataa. Amri ya saba yakataza wizi, nayo haitenganishi mbuzi wa jirani na kazi ya akili yake. Tena nakala za namna hiyo mara nyingi huleta virusi, na orodha ya ubatizo yaweza kupotea kwa siku moja.

Tena hakuna haja ya kuiba. LibreOffice, iliyotokana na OpenOffice mwaka 2010, hutolewa bure kwa haki. Hufanya kazi bila intaneti, na umeme ukikatika ghafula hujaribu kurudisha yaliyoandikwa. Hata hivyo, mwandishi na ahifadhi kazi yake mara kwa mara. Ikiwa kompyuta ni dhaifu sana, AbiWord ni nyepesi zaidi, ingawa haina mengi. Wala tusidhani kwamba Kiswahili ni kigeni katika kazi hii: mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice kwa lugha yetu.

Kabla ya kuchagua, twawashauri kujaribu mambo matatu. Kwanza, ifungueni barua iliyotoka katika Word, mtazame kama majedwali yamekaa sawa. Pili, andikeni maneno ya lugha ya nyumbani. Kilendu, kwa mfano, ni lugha ya toni, na alama za juu ya herufi zisipoonekana, maana huharibika. Herufi za Charis SIL, zitolewazo bure, zafaa. Tatu, chapeni ukurasa mmoja.

Hifadhini kazi yenu kwa ODT, kanuni iliyokubaliwa kimataifa mwaka 2006, ili wajukuu waweze kuisoma. Barua iliyokwisha ipelekeni kwa PDF, isibadilike njiani.

Naye aliyekwisha kujua na amfundishe mwenzake pasipo kudai malipo.