Wanaofunzwa mashine wasiwe maajenti peke yao

Mfumo wa kufuata madini ukibadilishwa, maajenti wa SAEMAPE na wa Divisheni ya Madini wanaitwa mjini, wanaketi katika ukumbi, wanaonyeshwa mambo mapya ya programu kwa Kifaransa, kiisha wanarudi kazini. Sisi wachimbaji tunasikia habari kesho yake, wakati mfuko umekataliwa.

Hatukatai formasio. Tunaitaka, tena tunaitaka ifike mpaka shimoni.

Tukumbuke kwanza tulikotoka. Septemba 2010 serikali ilisimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema, ikafungua tena Machi 2011. Njaa ya ile miezi haijasahaulika katika nyumba zetu. Mwaka wa 2012 etiketi za iTSCi ziliingia Kivu ya Kusini, zikianzia Kalimbi, pale Nyabibwe. Kwa hiyo etiketi si urembo wa mfuko. Ndiyo njia ya kaseteriti na koltani yetu kufika soko.

Kazi yenyewe iko hivi. Pale machimboni ajenti anapima mfuko, anafunga etiketi ya kwanza yenye namba, anaandika kilo katika rejista. Ukifika kwa negosia, unapimwa tena na kufungwa etiketi ya pili. Hesabu hizo zote zinaingizwa katika ordinateri, na kilo za mwanzo zinalinganishwa na kilo za mwisho.

Hapa ndipo shida inazaliwa. Madini ikitoka shimoni iko na maji na udongo. Ikisafishwa na kukauka, kilo zinapungua. Ajenti aliyefunzwa vizuri anaandika sababu ya upungufu ule. Asiyefunzwa anaacha nafasi tupu, na mashine inaona kilo zinazogombana. Mfuko unasimama. Mashine haisikii njaa. Anayengoja ni mchimbaji, ni mama mtwangaji wa mawe, ni mtoto anayerudishwa nyumbani juu ya minervali. Na mfuko wa Lulingu, kosa lake likionekana mbali na shimo, nani atarudi Shabunda kusahihisha namba moja?

Basi tunaomba mambo manne.

Kwanza, formasio ifanyike pia machimboni, kwa Kiswahili, na kila kooperative itume wajumbe wake, wanawake wakiwemo.

Pili, kila mwenye mfuko apewe karatasi yenye namba ya etiketi na kilo zilizoandikwa. Bila karatasi mkononi, atadai kwa nini?

Tatu, mfumo mpya ukianza, rejista ya zamani iendelee pembeni mpaka hesabu za pande mbili zipatane.

Nne, kosa la maandishi lisahihishwe haraka, na lisiwe sababu ya kushusha bei ya mfuko.

Na sisi tuko na kazi yetu. Tuhudhurie, tuulize, tuangalie mizani ikisoma, tukatae kuazima etiketi ya shimo lingine hata kama negosia anatuharakisha. Anayejua namba ya mfuko wake hadanganywi upesi.

Ndugu wachimbaji, na bamama, jembe tunalijua. Sasa hii tujue na hesabu inayoandikwa juu ya jasho letu.