Sauti ya santuri ikififia, kitufe kisiguswe kwanza

Jumapili baada ya chakula cha mchana, babu anachomoa santuri ya Mbaraka Mwinshehe kwenye jalada lake, anaifuta kwa kitambaa laini na kuilaza kwenye kinanda. Wajukuu wanasogea. Sindano inashuka, na kinachotoka kwenye spika ni mvumo mzito usiokatika, na kwa mbali sana, gitaa.

"Babu, ndiyo sauti yake hiyo?"

Babu anazungusha kitufe cha sauti hadi mwisho. Gitaa linakaribia kidogo, mvumo unakaribia zaidi. Wanasikiliza hivyo hivyo upande mzima. Santuri inapoisha, mjukuu wa miaka sita aliyekaa kwenye zulia, sikio usawa wa spika, anageuza swichi ya amplifaya kutoka kwenye santuri kwenda redio. Kitufe bado kiko mwisho. Mama anatoka jikoni mbio akidhani kuna kitu kimelipuka.

Tatizo hapa lilianza siku kabati liliposogezwa, nyaya zikachomolewa na kurudishwa kwa kubahatisha. Sindano ya santuri huzalisha umeme kidogo mno. Katriji ya kawaida, ile ya sumaku inayosogea, hutoa milivolti 3 hadi 5 tu. Mashine ya CD hutoa hadi volti 2, yaani karibu mara 400 zaidi. Ndiyo maana amplifaya nyingi za zamani zina tundu lake la santuri lililoandikwa PHONO, lenye saketi ya ziada inayokuza sauti hiyo kama mara 100 kabla haijafika kwenye kitufe. Saketi hiyo pia hurudisha besi, kwa sababu santuri hukatwa besi ikiwa imepunguzwa na sauti nyembamba zikiwa zimeongezwa. Waya wa kinanda ukichomekwa AUX, muziki utasikika hafifu, mwembamba, bila besi. Hakuna kilichoharibika, umeingia mlango usio wake.

Kuna kinyume chake pia. Baadhi ya vinanda vipya vina saketi hiyo ndani, na swichi ndogo nyuma ya kuchagua PHONO au LINE. Kikiwa LINE kisha kikachomekwa kwenye tundu la PHONO, sauti inakuzwa mara mbili na kutoka ikikoroma. Na katriji za aina ya koili inayosogea, zisizo nyingi majumbani, hutoa chini ya nusu milivolti. Hizo zinahitaji amplifaya yenye swichi ya MM na MC, iwekwe MC.

Basi mjomba anazima kila kitu, anahamishia nyaya PHONO, anawasha. Sauti imejaa, lakini mvumo sasa ni mkubwa kuliko mwanzo, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Ni jambo la kutarajiwa. Umeme wa nyumbani hutetema mara 50 kwa sekunde, na saketi ya santuri hukuza zaidi sauti nzito za kiwango hicho hicho. Dawa yake mara nyingi ni ule waya mwembamba wenye ncha ya uma unaotoka kwenye kinanda pamoja na nyaya za sauti. Huo hufungwa kwenye skrubu iliyoandikwa GND nyuma ya amplifaya. Kwa babu ulikuwa unaning'inia nyuma ya kabati.

Kuna ushauri mmoja wa mtaani ambao mzazi asiukubali hata kama unafanya kazi: kukata pini ya ardhini kwenye plagi ya amplifaya, ile ndefu ya juu, au kuachia waya wake ndani ya plagi. Mvumo unaweza kweli kupotea. Lakini waya wa umeme ukija kugusa bodi ya chuma, bodi nzima inabaki na umeme, na anayeegemea amplifaya akitafuta kitufe mara nyingi ni mtoto. Waya wa GND wa kinanda na pini ya plagi ukutani ni vitu viwili tofauti. Cha kwanza ni cha kutuliza kelele. Cha pili ni cha kuokoa uhai.

Mvumo ukiendelea, kuna majaribio yasiyohitaji kufungua chochote. Kitufe cha sauti kirudishwe sifuri: mvumo ukibaki, shida iko mbele ya kitufe, huenda kapasita za kuchuja umeme zimezeeka, na hiyo ni kazi ya fundi. Ukipotea, swichi igeuzwe kwenda redio. Redio ikiwa safi, tatizo liko kwenye njia ya santuri peke yake. Simu nazo ziondolewe juu ya kinanda, na nyaya za sauti zitenganishwe na za umeme.

Spika moja ikiwa hafifu, amplifaya izimwe, plagi nyekundu na nyeupe za kinanda zibadilishane matundu. Ulegevu ukihamia spika ya pili, kosa liko upande wa kinanda: waya, au vile vipini vinne vidogo nyuma ya katriji ambavyo huota kutu. Ukibaki palepale, kosa liko kwenye amplifaya au spika. Kwa babu ulihama. Vipini vilisafishwa, spika ikaamka.

Mkwaruzo unaosikika kitufe kinapozungushwa huwa ni vumbi ndani ya kitufe. Husafishwa kwa dawa maalumu ya kupuliza, mashine ikiwa imechomolewa, wala si kwa mafuta ya nazi au petroli. Mfuniko wa amplifaya usifunguliwe nyumbani, maana kapasita kubwa hubaki na chaji hata baada ya plagi kuchomolewa. Na fundi akija kuchomelea sebuleni, watoto watoke. Risasi iliyo kwenye lehemu ya zamani haifai kwenye vidole vinavyokwenda mdomoni.

Turudi kwa mtoto wa kwenye zulia. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha usikilizaji salama kwa mtu mzima kuwa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kwa watoto 75. Kila zinapoongezeka desibeli 3, muda huo hupungua kwa nusu. Spika za sebuleni zikifunguliwa hadi mwisho zinaweza kupita desibeli 100 kwa aliye karibu nazo. Vinyweleo vya sikio la ndani vikifa havioti tena. Mtoto akilalamika kwamba sikio limeziba au linalia, na hali hiyo isitulie kufikia kesho yake, apelekwe hospitali akapimwe, asitiwe matone ya kununua dukani.

Wajukuu sasa wanajua kwamba kitufe hurudishwa chini kabla ya kugusa swichi yoyote. Mama ameweka nukta ya rangi ya kucha pembeni mwa kitufe, mahali babu anaposikia vizuri bila wengine kupiga kelele ili wasikilizane. Nukta iko chini ya nusu. Babu alilalamika siku ya kwanza, kisha akagundua kwamba kwenye santuri ile kuna gitaa la pili ambalo hakulisikia kwa miaka.