Laptopu ya mtumba: usiniulize prosesa, niulize betri

Najua nimeadimika, lakini si mnajua UE ilivyo, mtu unasoma mpaka unasahau kama una mdomo. Zimeisha salama, matokeo tutayakuta mbele ya safari, leo sitaki hata kuyafikiria. Leo naongelea laptopu.

Chumbani kwetu hosteli tuko wanne. Tangu nilipotangaza kwamba nimejibana kwenye bumu la semesta mbili na nimefikisha laki sita na nusu ya kununulia laptopu ya mtumba, kila mtu kageuka mtaalamu. Mmoja ananiambia chukua i7, chini ya hapo ni kujidharau. Wa pili anataka ninunue ya kugusa kioo kwa kidole. Wa tatu, huyu ndiye kiboko: "MacBook bwana, hata ukikaa nayo kantini watu wanajua kuna mtu kakaa." Teh teh teh. Nawapenda jamaa zangu, lakini wote watatu wamekosea, na kosa lao ni moja. Hakuna aliyeniuliza naenda kuifanyia nini.

Kwa wasiojua, nasomea ualimu, Kiswahili na Historia. Mwaka wa kwanza tulipopewa kazi ya fasihi simulizi nilikwenda kwa bibi mzaa mama, Handeni vijijini, nikarekodi ngano tatu za Kizigua. Kozi ikaisha, alama zikatoka, mimi nikashindwa kuacha. Kila likizo narudi na begi langu. Bibi ananiita "mume wangu", anasema mume gani huyu haleti kanga, analeta mashine.

Sasa sikilizeni kilichotokea Krismasi iliyopita. Bibi hasimulii ngano mchana. Ukimwomba mchana anakuangalia kama umemwomba akuonyeshe kaburi. Kwa hiyo ni usiku, jikoni, moto unafifia, na pale kwake umeme haujafika, kuna kisola cha taa moja na kuchaji simu. Laptopu yangu ilikuwa ile niliyorithi kwa binamu, RAM 4, diski ya kuzunguka, betri yake ukiibembeleza sana inakupa dakika arobaini. Bibi akaanza kisa kirefu cha binti aliyechumbiwa na chatu, ambacho sikuwahi kukisikia. Ana sauti tatu tofauti ndani ya kisa hicho, na wimbo ambao wajukuu wote tunaitikia. Alipofika pale binti anavushwa mto, mashine ikazima. Pu!

Audacity yenyewe ilifanya kazi yake. Niliporudi kwenye umeme na kuifungua ilinirudishia kila kitu hadi sekunde za mwisho kabla ya giza. Lakini programu haiwezi kukurudishia ambacho haikusikia. Na simu nilikuwa nimeizima ili nitunze chaji, ujinga wangu mwenyewe huo. Nikamwomba bibi aendelee tu, nitasikiliza kwa masikio. Akasema hadithi ikikatika imekatika, utaikuta siku nyingine. Mwezi wa tatu akapata kiharusi. Mungu saidia anatembea, anaongea, ila maneno yanatoka polepole na upande mmoja wa mdomo umelegea kidogo. Mama kanipigia juzi, anasema ameanza tena kusimulia wajukuu jioni, anachoka mapema.

Kwa hiyo mtu akiniambia habari za i7 mimi nacheka tu.

Tupige hesabu kidogo, maana watu wanaogopeshwa bure. Sauti ya mtu mmoja, mono, kwa kiwango cha CD, inakula kama megabaiti 5 kwa dakika. Saa nzima ni mia tatu na kitu. Ukirekodi kwa kiwango cha juu zaidi, biti 24 na sampuli 48,000 kwa sekunde, saa moja ni kama megabaiti 520. Diski ya GB 256 inabeba usiku mwingi sana wa bibi. Na kuhariri sauti moja, kukata kikohozi, kupandisha pale aliponong'ona, ni kazi nyepesi. RAM ya GB 8 inatosha na chenji inabaki. Anayetengeneza muziki wa nyimbo thelathini zilizolaliana na vinanda vya ndani ya kompyuta, huyo akanunue i7 yake kwa amani. Sisi wa maneno matupu hatuna sababu.

Kinachotuua sisi ni vitu viwili: betri na kelele.

Kelele ya kwanza ni feni. Prosesa kubwa ndani ya mwili mwembamba inapata joto, feni inapiga kelele, na maiki iliyo nusu mita kutoka hapo inaimeza yote. Kelele ya pili ni diski ya kuzunguka, ile ti-ti-ti. SSD haina sauti, na hiyo peke yake ni sababu tosha ya kuikataa laptopu yenye diski ya zamani, hata kabla hujafika kwenye kasi. Ya tatu wengi hawaijui: chaja. Ukichomeka chaja kwenye umeme ambao hauna waya wa kwenda ardhini, mara nyingi unapata mvumo wa chini kwa chini ndani ya rekodi. Chomoa chaja, mvumo unapotea. Maana yake hata mwenye umeme nyumbani mara nyingine inabidi arekodi kwa betri. Tumerudi palepale.

Msiniambie nitasafisha kwa programu. Najua kifaa cha kupunguza kelele kipo, na nakitumia, kwa kiasi. Ukizidisha, bibi anasikika kama anaongea akiwa ndani ya pipa.

Basi Jumamosi nikaingia Kariakoo na hedifoni za kuazima, maiki ya kuazima na fleshi yenye Audacity isiyohitaji kusakinishwa. Duka la kwanza nikaonyeshwa EliteBook 840 G5, mashine nzuri, kizazi cha nane, sina neno nayo. Nikafungua kile kidirisha cheusi nikaandika powercfg /batteryreport. Hii amri kaikariri kama Baba Yetu, mdau. Inakutengenezea ripoti: betri ilizaliwa na uwezo gani na leo inajaa kiasi gani. Hiyo ilikuwa imebaki na chini ya nusu. Betri yake iko ndani, kuibadilisha mpaka uifungue, na ukishaibadilisha ni hiyohiyo moja. Muuzaji akasema, "Bosi wangu, chaja si unayo?" Nikamwambia kaka, ninakokwenda chaja ni pambo.

Duka la nne ndiko nilikoikuta ThinkPad T470. Kwa sura ni kama tofali lililopakwa rangi nyeusi, mwenzangu wa MacBook akiiona atahama chumba. Lakini ina betri mbili, moja ndani na moja nyuma ya kuchomoa. Ya nyuma ikiisha unaichomoa, unapachika nyingine, na mashine inaendelea kuwaka kwa ile ya ndani. Hapo ndipo moyo wangu ulipokaa. RAM yake inaongezeka baadaye nikipata hela, maana sehemu ziko mbili, siyo zile zilizounganishwa moja kwa moja kwenye bodi kama MacBook Air, ambayo ukinunua na 8 utazikwa na 8.

Nikamwomba muuzaji nirekodi ukimya. Akanitazama. "Ukimya? Kariakoo?" Duka zima likacheka. Lakini alikuwa muungwana, akaniingiza stoo nyuma ya maboksi, nikachomeka maiki, nikapandisha sauti ya kuingizia hadi juu, nikarekodi dakika moja nikiwa nimeziba pumzi kama mpiga mbizi. Kwenye hedifoni nikasikia mkokoteni, mtu anauza maji, lakini ndani ya mashine yenyewe hakuna mvumo wala mlio. Nikazima, nikawasha huku nabonyeza F1 kuona kama kule ndani kuna nywila ya kampuni iliyokuwa ikiimiliki. Hakuna. Hili msiliache, laptopu nyingi za mtumba zimetoka maofisini, na ukikuta kufuli ya mwenye mali wa zamani utamtafuta wapi.

Ubaya wake niuseme. Yangu ni kizazi cha saba cha Intel, na Windows 11 rasmi inataka kuanzia cha nane, wakati Windows 10 ilikoma kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Hiyo ilikuwa silaha yangu ya kuombea bei, na pia ndiyo sababu usiku uleule niliweka Linux Mint. Audacity inafanya kazi humo bila matata. Kama masomo yako yanakudai programu za Windows tu, basi usinifuate, tafuta T480, ina mpango uleule wa betri mbili na ni kizazi cha nane. Kwangu ilizidi bei.

Nikiwa mkweli zaidi, ningekuwa na hela ningechukua MacBook Air ya M1, ile ya 2020. Haina feni kabisa. Kimya kama msikiti saa nane usiku. Kwa hiyo yule mwenzangu hakukosea mashine, alikosea sababu. Lakini kwa bei yake bibi ningemrekodi mwaka gani?

Mashine laki nne na thelathini. Betri ya pili ya nyuma elfu sitini. Maiki ya USB elfu themanini. Ikabaki elfu themanini ya nauli, sukari, na kanga ili nisiambiwe tena mume mkavu.

Wengine mtasema si ungerekodi kwa simu tu. Kweli, na safari hii itakuwepo pia, kwenye hali ya ndege, imelala juu ya kinu, inarekodi sambamba. Ila simu ni ya akiba. Maiki naisogeza karibu na mdomo wake, hasa sasa hivi ambapo sauti imeshuka, na hedifoni zinaniambia palepale kama neno limepotea, siyo nikishafika Dar.

BTP inaanza baada ya wiki mbili. Katikati nina siku tisa, na Jumanne alfajiri napanda basi. Nimemuuliza mama mwisho wa kile kisa, kama binti alivuka au chatu alimpata. Anasema hajui. Alikisikia akiwa mdogo, kila mara alikuwa analala kabla hakijaisha.