Tulichokifunga Sisi, Tukifungue Sisi

Mkulima wa Songea alapo ugali wa mahindi aliyoyavuna kwa jasho lake, mwili wake hutenda kazi ambayo wanakemia huitazama kwa taadhima kubwa. Kwani wanga ni mnyororo mrefu wa glukosi, na mate yana kimeng'enya kiitwacho amilesi, ambacho huanza kuukata tangu tonge lingali kinywani. Kadhalika mpika pombe ya komoni, aoteshapo nafaka ikawa kimea, huviamsha vimeng'enya vya jinsi hiyo hiyo, navyo huugeuza wanga kuwa sukari.

Minyororo hiyo ndiyo polima, na zile zilizoumbwa na Mola, hata selulosi ya mabua yaliyoachwa shambani, zimejaaliwa kuvu, bakteria na mchwa wa kuzifungua. Plastiki, ambayo ni polima iliyofungwa na binadamu, haikujaaliwa hivyo. Kweli, mwaka 2016 wataalamu wa Japani walitangaza habari za bakteria Ideonella sakaiensis, aliyepatikana mjini Sakai, ambaye huila plastiki ya chupa za maji. Lakini ulaji wake ni wa polepole mno, wala si busara kumngojea. Kiwandani chupa hiyo huyeyushwa ikafinyangwa upya, au hufunguliwa kwa kemikali hata ikarejea asili yake. Ila sharti kwanza ifike huko.

Hapo ndipo penye mushkili. Marufuku ya tarehe 1 Juni 2019 iliiondoa mifuko ya plastiki, jambo la insafu, lakini chupa zilibaki; na kutoka Songea hadi viwandani Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900, safari ambayo nauli yake huimeza thamani yote ya shehena nyepesi iliyojaa hewa. Ndiyo maana aghalabu chupa huchomwa uani, moshi ukawadhuru watoto, au husombwa na mvua hadi vijitoni, ilhali mto Ruvuma, ambao chimbuko lake ni milima yetu ya Matogoro, huishia Bahari ya Hindi.

Dawa yake tunaijua tangu zamani: chupa ya soda ya kioo haiondoki dukani ila kwa dhamana, nayo hurudi. Basi serikali na iwalazimishe wenye viwanda kuiwekea dhamana chupa ya plastiki pia, Manispaa iweke mashine ya kuzikandamiza, na malori yaletayo vinywaji yazirudishe. Aliyefaidika kwa kuufunga mnyororo ndiye apasaye kugharimia kufunguliwa kwake.