Filamu za Mtandaoni Zisitunyime Lugha

Wapo wanaodai kuwa DVD imekufa na haina cha kuombolezwa. Kweli, Netflix, iliyoanza kukodisha DVD kwa posta huko Marekani mwaka wa 1998, ilikomesha huduma hiyo Septemba 2023. Lakini kwetu DVD ilibeba zaidi ya picha. Mkulima wa Mau Narok aliyekodi dukani filamu iliyosimuliwa na DJ Afro aliifuata kwa Kiswahili, hata kama waigizaji walinena Kihindi. Filamu za mtandaoni ni nyingi na hazikwaruziki. Hata hivyo, zinadai ada ya kila mwezi, gharama ya intaneti na, aghalabu, ujuzi wa Kiingereza. Kampuni hizo ziwaajiri wasimulizi wetu. Wapo, na kazi wanaijua.