Kofia za sufu kwenye joto

Ndugu zangu wa mashirika, tuambiane ukweli. Hapa Gikundamvura tuko bonde la Bugarama, huku chini kwenye mpunga na joto. Nani atavaa kofia ya sufu? Lakini kila mradi wa vijana ukija ni kroshia tu: siku chache za mafunzo, cheti, picha ya pamoja, halafu uzi unaisha na gari halirudi.

Kufuma nakupenda, na vijana wangu pia. Kofia hizo zina watu wa kuzivaa, ila wako Kigeme, kule Nyamagabe kwenye baridi, kambi ya Wakongo iliyofunguliwa 2012. Basi lipeni nauli ya mzigo, ama leteni uzi wa pamba tufume kofia za jua.

Na ile asubuhi, mbona hamuioni? Mama anakoroga uji, anachemsha viazi vitamu, watu hawajashuka bado kwenye mpunga. Anauza, uji unaisha, wengine wanaondoka na njaa kwa sababu sufuria ni ndogo. Huyo hajaomba mafunzo. Kwenye fomu zenu mnamwandika eti "hana kazi". Sufuria kubwa moja na makaa ya mwezi, wakubwa: hiyo nayo iingie kwenye bajeti.